FIMBO HAIFUNDISHI KUGAWANYA

Lipo neno moja ambalo nimelisikia kwa wazazi, kwa walimu wenzangu, kwa viongozi majukwaani na hata kwa wasomi waliobobea, nalo ni hili: hisabati si ya kila mtu. Husemwa kwa upole, kana kwamba ni faraja kwa mtoto aliyeshindwa. Mimi nasema neno hilo ni la uongo, tena ni uongo wenye madhara, kwa sababu humpa mwalimu nafasi ya kunawa mikono na humpa mzazi nafasi ya kukata tamaa mapema. Katika kurasa hizi nakusudia kulipinga bila kuumauma maneno. Nimelifundisha somo hili kwa miaka mingi, kwanza shuleni na baadaye chuoni. Na kabla ya hapo nilikuwa mmoja wa hao walioambiwa kwamba halikuwa lao.

Tuitazame kwanza hali ilivyo. Katika mtihani wa taifa wa kidato cha nne wa mwaka 2022, waliofaulu hisabati walikuwa takriban 20 katika kila watahiniwa 100. Mwaka 2023 walikuwa takriban 25. Na kufaulu kwenyewe, ndugu msomaji, maana yake ni kupata alama 30 kati ya 100. Matokeo haya si ya ajali ya mwaka mmoja. Ndivyo yalivyokuwa kwa miaka mingi, na kila yanapotangazwa tunasikitika kwa juma moja, kisha tunasahau.

Sasa niulize: mkulima wa Dongobesh akipanda mbegu 100 za mahindi, zikaota 20, atasema kwamba mahindi si ya kila shamba? La hasha. Ataichunguza mbegu, ataupima udongo kwa mkono wake, atajiuliza alifukia kina gani na mvua ilinyesha lini. Hatachukua fimbo kuzichapa zile 80 zilizobaki ardhini. Lakini hicho ndicho tunachokifanya shuleni, tena tunakifanya kwa dhamiri safi kabisa, tukiamini kwamba tunalea.

Wapo watakaouliza: huyo mtoto wa mfugaji wa Basotu, au wa mkulima wa milimani Mbulu, ana haja gani ya hisabati? Jibu liko sokoni. Mbulu inasifika nchini kwa vitunguu saumu. Mnunuzi hufika na gari lake, na gunia lake ameliongezea shingo ya kamba juu likawa lumbesa. Serikali imekataza lumbesa mara nyingi, na lumbesa haijafa, kwa sababu bei hutajwa kwa gunia wala si kwa kilo. Mkulima anayeweza kukaa chini akagawanya fedha kwa kilo, kisha akalinganisha na bei ya jirani aliyepimiwa kwa mizani, hadanganyiki kirahisi. Asiyeweza hupokea noti, akashukuru, akaenda nyumbani na hasara asiyoijua.

Au tutazame ardhi. Huko Hanang, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO lililima mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada, mpaka yakafikia mashamba saba na takriban ekari laki moja, katika nyanda ambazo Wabarabaig walikuwa wakilishia mifugo yao. Kesi ya wanakijiji wa Mulbadaw dhidi ya shirika hilo ilifika hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka 1985 wanakijiji wakashindwa. Sisemi kwamba walishindwa kwa kutojua hesabu. Sheria ina mambo yake. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo ekari, hekta, ramani na mipaka huamua ng'ombe watalala wapi, kumwambia mtoto kwamba hisabati si yake ni kumwambia kwamba wengine watampimia ardhi yake.

Basi kwa nini watoto hawa hushindwa? Naanza na lugha, kwa kuwa wengi hulipita jambo hili. Mbulu na Hanang ni mahali pa ajabu. Katika eneo dogo utawakuta Wairaqw, ambao lugha yao ni ya Kikushi. Wadatoga, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Wanyiramba na Wanyaturu, ambao ni Wabantu. Na huko Yaeda Chini wako Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana. Mtoto wa Kiiraqw huhesabu nyumbani wak, tsar, tam. Akifika darasa la kwanza anakuta moja, mbili, tatu. Akifika kidato cha kwanza anaambiwa zile moja, mbili, tatu hazitumiki tena. Sasa kila kitu ni Kiingereza. Hivyo mara mbili katika umri mdogo huvuliwa lugha aliyokuwa akifikiria nayo, na mara zote mbili huulizwa maswali papo hapo, kabla hajavaa ile mpya.

Nitatoa mfano ambao nimeujaribu mara nyingi. Mkulima ana mbuzi 12, nao ni watatu zaidi ya wa jirani yake. Jirani ana mbuzi wangapi? Andika swali hilo kwa Kiingereza ubaoni, na nusu ya darasa la kidato cha kwanza watajibu 15. Wameona 12, wameona 3, wameona neno la kuzidi, wakajumlisha. Lisome swali hilohilo kwa Kiswahili cha taratibu, wengine watajirudi. Mwombe mwenzao awaambie kwa Kiiraqw, kama watu wanaozungumzia mbuzi wa kweli, na utasikia darasa zima likicheka: tisa, Mwalimu! Hao waliocheka ndio haohao walioandikiwa sifuri dakika kumi kabla. Akili zao hazikuongezeka katika dakika kumi. Walichopungukiwa ni mlango wa kuingilia.

Sababu ya pili ni hofu, na hapa sina budi kusema ya kwangu. Nilianza darasa la kwanza mwaka 1978, Mbulu ikiwa bado katika mkoa wa Arusha, miezi michache baada ya nchi kutangaza elimu ya msingi kwa wote mnamo Novemba 1977. Lilikuwa jambo jema na kubwa. Lakini watoto tulifurika, madawati hayakutosha, na walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakiifanya. Siwalaumu, walibeba mzigo ambao taifa zima liliwatwika.

Kila asubuhi tulikuwa na hesabu za kichwa. Maswali kumi, na kila kosa kiboko kimoja. Katika darasa lile nilijifunza kusoma midomo ya jirani yangu na kuutambua uso wa mwalimu alipokuwa akikaribia jibu. Nilijifunza pia kukaa nyuma ya mtoto mwenye mabega mapana. Kugawanya sikujifunza. Tulipofika kwenye sehemu, na mambo ya kiasi na asili, na kigawe kidogo cha shirika, nilikuwa tayari nimehama darasani kimawazo ingawa mwili ulikuwepo. Mtu anayengoja kuchapwa hafikiri sehemu, hufikiri fimbo. Jambo hili halihitaji utafiti. Muulize yeyote aliyewahi kukalia benchi akihesabu ni wangapi wamebaki mbele yake.

Nilipita darasa la saba kwa Kiswahili na Maarifa. Kidato cha pili ndipo nilipokutana na mwalimu wa aina nyingine. Alinirudishia daftari ambalo nilitazamia lijae mistari myekundu, nikakuta ameandika swali moja tu kando ya jibu langu: Umefikaje hapa? Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Jioni nilimwendea, naye akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Mwanangu, aljebra huna ugonjwa nayo. Wewe una jeraha la darasa la nne." Akatafuta kitabu cha darasa la nne. Kwa majuma sita, baada ya vipindi, tulirudi kwenye kugawanya na sehemu, kwa mahindi, kwa chelezo, kwa vipande vya kamba. Wenzangu walicheka kuniona na kitabu cha watoto. Yeye hakucheka, na mimi sikuhitaji zaidi ya hapo. Kidato cha nne nilipata C. Hilo halikuwa la kupigiwa vigelegele, lakini lilitosha kunifungulia njia, na njia ile ndiyo iliyonifikisha mbele ya ubao wa chuo.

Nasimulia haya kwa sababu wenye hoja ya kipaji hupenda kuniambia, "Lakini wewe ulikuwa na akili, ila ilijificha." Vizuri. Ikiwa akili inaweza kujificha kwa miaka minane mbele ya walimu saba au wanane, basi nani ana haki ya kusema kwamba ya huyu au yule haipo?

Na kama mfano wangu ni mdogo, uko mkubwa ambao ulimwengu mzima unaufahamu. Mwaka 1963 kijana mmoja wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, jina lake Erasto Mpemba, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu la kutengenezea barafu za krimu, na akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwa dhihaka; na tangu siku hiyo, kila alipokosea kusoma majedwali ya logi, aliambiwa kwamba hiyo ndiyo hisabati ya Mpemba. Darasa zima likaiokota kejeli hiyo. Kijana hakunyamaza. Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama akauliza mbele ya watu, nao wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam, akajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Leo wanafizika wa dunia bado wanabishana juu ya sababu za jambo hilo, na wanaliita kwa jina la yule mwanafunzi wa Magamba.

Tazama tofauti ya wale walimu. Wote walilisikia swali lilelile kutoka kinywa kilekile. Mmoja alilijaribu. Je, ni Mpemba wangapi walionyamaza baada ya dhihaka ya kwanza? Hao hawana makala, na hatutawajua kamwe.

Nageukia sasa wenye fimbo. Hoja yao ya kwanza ni methali: samaki mkunje angali mbichi. Nami nawajibu kwamba samaki hukunjwa kwa mkono, wala hakuna mvuvi anayemkunja kwa kumpiga. Hoja yao ya pili ni kwamba bila fimbo watoto hawatasoma. Jirani zetu Kenya walipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001. Shule zao hazikufungwa na hisabati yao haikufa. Hata kwetu, kanuni zilizotolewa mwaka 2002 ziliagiza kwamba viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu. Zilihusu utovu mkubwa wa nidhamu. Niambie, ni kanuni ipi iliyosema kwamba kutojua saba mara nane ni utovu wa nidhamu? Kosa la hesabu si dhambi. Na mwezi Agosti 2018, huko Bukoba, mwanafunzi wa shule ya msingi alikufa baada ya kupigwa na mwalimu. Baada ya tukio lile nilidhani mjadala umekwisha. Haukwisha.

Hoja ya tatu ndiyo yenye heshima, nayo nitaijibu kwa heshima. Wanasema: mwalimu mpole hushusha viwango, hugawa alama za huruma, na mwisho wake tunapata mhandisi asiyeweza kupima daraja. Nakubaliana nao kwamba alama za huruma ni wizi. Lakini upole ninaoutetea hauna uhusiano na alama. Mwalimu wangu wa kidato cha pili hakuniongezea hata alama moja. Alinirudisha darasa la nne! Hakuna ukali kuliko huo. Aliyeshusha kiwango ni yule aliyenichapa, akaniandikia sifuri, kisha akaniacha niende mada inayofuata bila kuijua iliyotangulia. Yeye ndiye aliyekubali nisijue.

Tena kiwango hupandishwa kwa kulisoma kosa. Mtoto akiandika kwamba nusu kujumlisha theluthi ni mbili ya tano, mwenye fimbo huona ujinga. Mwalimu humuuliza amefikaje hapo. Na akijibu utashangaa, kwa maana ana sababu: timu yetu ilicheza mechi mbili ikashinda moja, ikacheza tena tatu ikashinda moja, jumla imeshinda mbili katika tano. Katika mpira amesema kweli tupu. Sasa mwalimu ana pa kuanzia. Atamwambia: chukua nusu ya chapati, niongezee theluthi ya chapati. Je, sasa una zaidi ya nusu au pungufu? Zaidi. Na mbili ya tano ni zaidi ya nusu au pungufu? Pungufu. Basi umeongeza chakula kikapungua! Mtoto atacheka, ataliona kosa lake mwenyewe, na hapo ndipo atakapotaka kujua kwa nini tunatafuta kile kigawe kidogo cha shirika, ambacho nilikariri jina lake kwa miaka mitatu bila kujua kazi yake. Kwa kiboko, mambo haya yote yangekufa katika sekunde moja.

Niseme pia na wenzangu wa vyuoni. Yuko mhadhiri ambaye hujivuna kwamba katika somo lake hudondoka nusu ya darasa, na hutaja idadi hiyo kama mwindaji anayetaja vichwa vya wanyama. Mfinyanzi ambaye nusu ya vyungu vyake hupasuka tanuruni hatangazi sokoni. Sisi tunalipwa ili watu wajue, na wanaodondoka wote kwa pamoja wanatoa ushahidi juu yetu kabla ya kuutoa juu yao.

Na madhara yake huzunguka. Anayeichukia hisabati akiwa kidato cha nne mara nyingi ndiye anayekwenda kusomea ualimu wa msingi, na huko atapangiwa kufundisha masomo yote, hisabati ikiwemo. Nimewafundisha wanachuo wa namna hiyo. Ni watu wazima, wengine wazazi, na ukiwaita ubaoni kugawanya sehemu kwa sehemu mikono inatetemeka. Ukiwaacha hivyo watakwenda Haydom, au Katesh, au Endasak, nao watafanya alichofanyiwa kila mmoja wetu, kwa sababu mwalimu asiyelielewa somo hana kingine mkononi isipokuwa fimbo. Ndiyo maana kwangu juma la kwanza la chuo ni la kuulizana: nani alikuambia huwezi, na ilikuwa darasa la ngapi? Karibu kila mtu anakumbuka. Tunaanzia hapohapo alipoachwa, hata kama ni darasa la tatu, na hakuna anayeruhusiwa kucheka.

Watu wa Mbulu hawana haja ya kufundishwa jambo hili na mgeni. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico City, walianza wakimbiaji 75, wakamaliza 57. Wa hamsini na saba alikuwa John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, aliyeanguka njiani akaumia goti, akafungwa bendeji, akaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Tunamsifu hadi leo. Tunawasimulia watoto habari zake mstarini asubuhi, na tunafanya vyema. Kisha watoto wanaingia darasani, na yule wa mwisho katika jaribio la hisabati anasimamishwa mbele, anaitwa kichwa maji, anachapwa. Hatuwezi kuyashika yote mawili. Ikiwa aliyefika wa mwisho akichechemea ni shujaa, basi anayechechemea darasani anastahili angalau bendeji.

Naomba mambo yanayowezekana kesho asubuhi, bila kungoja bajeti. Wewe mwalimu, ondoa fimbo kwenye kipindi cha hisabati, kipindi hicho kimoja kwanza, kwa muhula mmoja, na uone mikono mingapi itanyooshwa. Ruhusu swali liulizwe kwa lugha yoyote anayoielewa mtoto, kisha mlirudishe pamoja kwenye lugha ya mtihani. Wewe mkuu wa shule, usiwapangie darasa la kwanza hadi la nne walimu waliobaki baada ya wengine kugawana madarasa ya mitihani. Huko chini ndiko majeraha yanakoanzia. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 madarasa yamejaa tena kama yalivyojaa wakati wetu, na najua kwamba watoto 90 hawaulizwi mmoja mmoja kila siku. Waulize watano leo na watano kesho. Katika siku kumi na nane za shule utakuwa umewasikia wote.

Na wewe mzazi, mtoto akirudi na sifuri usimwambie kwamba hata wewe hukuijua hisabati, kwamba ni ya ukoo. Mpeleke sokoni, mpe fedha, mwache apige hesabu ya chenji mbele yako bila haraka. Akikosea, muulize amefikaje hapo, halafu umsikilize mpaka amalize.